Makosa 13: kisa cha mchezaji aliyepimwa kabla hajapumzika

Kisa hiki kilitokea Malindi, msimu wa kaskazi, katika mashindano ya mtaani. Nimebadilisha umri wa mchezaji, nafasi anayocheza na dakika za mechi. Timu na uwanja sivitaji. Yeye na mjomba wake wameridhia kiandikwe. Mimi ni afisa wa kliniki na huisaidia timu hiyo siku za mechi. Nawaandikia wenzangu wanaokaa benchi na begi la huduma ya kwanza, ambao siku moja watatakiwa kusema kwa dakika chache kama kichwa cha mtoto wa watu kiko salama.

Usuli

Mchezaji ni winga wa miaka 19. Riziki yake ni bahari: usiku hutoka na mashua ya mjomba wake, alfajiri hurudi, na alasiri yuko mazoezini. Hana historia ya kuumia kichwa tunayoijua.

Kabla ya msimu tulikubaliana kila mchezaji awe na alama zake za awali, ili akigongwa kichwa tumlinganishe na yeye mwenyewe. Tulifuata SCAT6, toleo la mwaka 2023 la kipimo kinachotumiwa na wahudumu wa afya michezoni kuchunguza mtikisiko wa ubongo. Kina orodha ya dalili 22, kila moja ikipewa alama kuanzia 0 hadi 6, kina maswali ya kumbukumbu na umakini, na kina sehemu ya kusimama bila kuyumba. Sehemu hiyo ya kusimama ndiyo iliyotuponza.

Inafanywa hivi. Mchezaji anavua viatu, anashika kiuno kwa mikono miwili, anafumba macho. Kuna mikao mitatu, kila mmoja sekunde 20: kwanza miguu miwili pamoja, kisha mguu mmoja, ule asiopigia mpira, kisha miguu kwenye mstari mmoja, kisigino cha mbele kikigusa vidole vya nyuma. Mpimaji anahesabu makosa. Mkono ukitoka kiunoni ni kosa, macho yakifumbuka ni kosa, kadhalika kupiga hatua, kuinua kisigino au vidole, kupinda nyonga zaidi ya digrii 30, na kubaki nje ya mkao zaidi ya sekunde 5. Kila mkao una kikomo cha makosa 10, kwa hiyo jumla haizidi 30.

Kijana huyu aliandikiwa makosa 13: sifuri kwa miguu miwili, 8 kwa mguu mmoja, 5 kwenye mstari. Siku aliyopimwa nilikuwa zamu, na kazi hiyo aliifanya msaidizi wetu wa huduma ya kwanza. Namba niliikuta daftarini na sikuitilia shaka.

Mambo yalivyokwenda

Mechi ilianza baada ya swala ya alasiri, jua likiwa bado kali na upepo haupo. Dakika ya 52 mpira wa kona ulipigwa, kijana na beki wa upande wa pili wakaruka pamoja, na vichwa vikagongana. Mlio niliusikia nikiwa benchi. Alianguka ubavu, akabaki chini kwa sekunde chache, akainuka mwenyewe kabla sijamfikia.

Nilimuuliza shingo, akasema haimuumi. Mikono na miguu haikuwa na ganzi, haoni vitu viwili viwili. Nikamuuliza maswali ya kawaida ya uwanjani: tuko uwanja gani, hiki ni kipindi cha ngapi, nani amefunga bao la mwisho, mechi iliyopita tulicheza na nani, tulishinda au tulishindwa. Alijibu yote sawasawa, ila polepole, jambo ambalo si kawaida yake. Huyu ni kijana wa maneno mengi. Nikamtoa nje, na mwalimu akaingiza mwingine. Kanuni za mashindano haya zinaruhusu aliyetoka kurudi, na hilo lilikuwa mzigo wangu kwa nusu saa iliyofuata.

Nje ya mstari nilimpima kusimama palepale. Hazikuwa zimepita dakika 3 tangu agongwe. Jasho lilikuwa linamtiririka, kifua kinapanda na kushuka, na ardhi ya pale ina mteremko kidogo. Alipata makosa 14: sifuri, 9, 5.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilipomwambia kijana anayumba, alimwita kiungo aliyekuwa ametoka kubadilishwa wakati uleule, ambaye hakuguswa kichwa na mtu. "Simama kwa mguu mmoja, fumba macho." Kiungo akayumba vibaya, akapiga hatua mara tatu kabla sekunde 20 hazijaisha. "Umeona, daktari? Hii ni pumzi. Kila mtu aliyekimbia saa nzima juani atayumba hivi."

Mwalimu alisema kweli. Nililijua jambo hilo darasani, lakini sikuwa nimewahi kulishuhudia likifanyika mbele ya macho yangu kwa mtu mzima wa afya. Nikamwambia tusubiri dakika 20, nimpime upya.

Tulimweka kijana kwenye baraza ya jengo la karibu, kivulini, akapewa maji. Baada ya dakika 20 nilimpima juu ya sakafu ya saruji. Makosa 11: moja kwa miguu miwili, 6 kwa mguu mmoja, 4 kwenye mstari. Nikafungua daftari. Alama ya awali ni 13, sasa ana 11. Yuko bora kuliko siku aliyokuwa mzima. Maumivu ya kichwa alisema "kidogo tu," na kwa jua lile hata mimi kichwa kilikuwa kinanigonga.

Nikamwambia mwalimu aanze kumpasha misuli.

Kijana alikimbia kando ya mstari kwa dakika kama 4. Mabao yalikuwa 1 kwa 1. Ndipo mchezaji wa akiba aliyekuwa amekaa naye barazani akaja akanivuta mkono: "Daktari, huyu ameniuliza mabao ni mangapi mara tatu. Kila nikimjibu anashukuru, halafu anauliza tena."

Uamuzi na sababu zake

Nilimsimamisha na kumkalisha. Uso ulikuwa umepauka, na sasa alikiri kwamba kichwa kinauma sana tangu aanze kukimbia, na kwamba mwanga unamchoma macho. Nikamsomea maneno 10 ya Kiswahili mara tatu, akarudisha sehemu kubwa. Baada ya dakika 5 nikamwomba ayataje tena. Alikumbuka 2.

Nilimwambia mwalimu kijana harudi leo. Alinitazama kwa muda. Sijui alikuwa anahesabu nini kichwani mwake, pengine zile dakika zilizobaki, lakini akasema, "Basi, daktari. Wewe ndiye mwenye kichwa chake." Hakurudia tena hoja ya pumzi.

Sababu niliyoitegemea ilikuwa moja. Uchovu unaweza kumfanya mtu ayumbe, ahisi kichwa kizito, hata aseme hana nguvu. Dalili nyingi kwenye ile orodha ya 22 humpata mchezaji yeyote baada ya mechi ngumu. Lakini uchovu wa kukimbia haumfanyi kijana wa miaka 19, aliyekaa kivulini zaidi ya dakika 20, aulize swali moja mara tatu na asijue ameuliza. Dalili hiyo ilitosha, na namba za daftarini nikaziweka kando.

Nilimpa maelekezo msaidizi na yule rafiki yake: asiachwe peke yake, asipande pikipiki kama dereva, asiende baharini usiku ule, na akitapika, akizidiwa na usingizi usio wa kawaida, akichanganyikiwa zaidi au maumivu yakipanda, apelekwe hospitali mara moja.

Matokeo

Baada ya swala ya isha alitapika. Mjomba wake hakusubiri simu yangu. Alimtia kwenye tuktuk akampeleka hospitali. Alipigwa picha ya kichwa, haikuonyesha damu, akalazwa usiku mmoja. Nawaomba wenzangu wawaeleze jamaa za wagonjwa jambo hili mapema: picha safi haina maana kwamba hakuna mtikisiko wa ubongo. Picha inatafuta damu na mfupa uliovunjika. Mtikisiko ni hitilafu ya utendaji wa ubongo, na kwa kawaida hauonekani kwenye picha ya aina hiyo.

Maumivu yalimkaa siku 9. Siku mbili za kwanza alipumzika nyumbani bila kufungiwa gizani. Siku hizi tunashauri mapumziko ya kiasi kwa saa 24 hadi 48, kisha matembezi mepesi. Alirudi kupiga danadana siku ya 12, mazoezi ya timu bila kugongana siku ya 17, na mechi siku ya 26.

Bahari ilitutaabisha zaidi kuliko mpira. Mwongozo wa kurudi mchezoni una hatua sita, kila moja angalau saa 24, lakini hakuna mahali panaposema lini mtu arudi kusimama kwenye mashua usiku, mawimbi yakipiga, akivuta nyavu mvua. Nililifikisha kwa mjomba: mpaka asimame nchi kavu bila kizunguzungu baada ya kukimbia, asipande chombo. Hapo ndipo mzee aliponiuliza kuhusu kile kipimo. Nikamweleza, nikamtajia na ile alama ya awali. Akashangaa kweli kweli.

"Mtoto huyu asimama juu ya tezi, kule nyuma ya chombo, kwenye upepo wa kusi, usiku, taa mkononi. Nawe wasema alikuwa mzima na hakuweza kusimama kwa mguu mmoja sakafuni?"

Jioni ile nilirudi kwenye daftari. Tarehe ya kupimwa ilikuwepo, na saa pia: saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Nikampigia msaidizi. Alinieleza bila kuficha, na namheshimu kwa hilo. Siku ile wachezaji walikuwa wamekimbia ufukweni, kisha wakapiga mechi ndogo mchangani, na giza lilipokaribia akawapanga foleni akawapima mmoja baada ya mwingine, kabla hawajatawanyika. Wachezaji 9 walipimwa hivyo.

Wiki ya sita baada ya kuumia, kijana akiwa hana dalili yoyote na amerudi kwenye shughuli zote, tulimpima upya asubuhi, darasani, miguu mitupu sakafuni, baada ya kukaa dakika 20 na kulala usiku mzima. Makosa 4: sifuri, 3, 1. Huenda sehemu ndogo ya nafuu hiyo ni mazoea, kwa kuwa kipimo hiki mtu akikirudia anakizoea. Lakini mazoea hayamtoi mtu kwenye 13 hadi 4.

Uchambuzi

Ili kusimama wima mwili unategemea mambo matatu: macho, sikio la ndani, na hisia zinazotoka kwenye misuli na viungo vya miguu. Ubongo unayaunganisha. Ukifumba macho yanabaki mawili. Mtikisiko wa ubongo unavuruga ule uunganishaji. Uchovu nao unaingia kwa mlango mwingine: misuli ya kifundo na nyonga inachelewa kujibu, habari zitokazo miguuni hazisomeki vizuri, na kifua kinachohema kinautikisa mwili wote. Njia mbili tofauti, na mwisho wake uleule: mkono unatoka kiunoni. Kipimo kinahesabu mkono. Hakijui ulitolewa na nini.

Jambo hili limepimwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 uliwafanyisha watu wenye afya wanaofanya michezo mazoezi makali, na makosa yao ya kusimama yaliongezeka mara baada ya hapo, kisha yakarudi kawaida ndani ya dakika 20. Mwingine wa mwaka 2008 uliona hali inarejea kwa dakika kama 13. Toleo la SCAT la mwaka 2013 liliagiza mchezaji apimwe akiwa ametulia, ikiwezekana dakika 10 au zaidi baada ya kuacha kukimbia. Kipimo chenyewe cha SCAT6, kikifanywa ipasavyo, kinahitaji si chini ya dakika 10 hadi 15. Basi kile nilichokifanya mstarini ndani ya dakika 3 hakikuwa na maana yoyote, na mwalimu alikithibitisha hivyo kwa mguu wa kiungo wake.

Ila hoja ya mwalimu ilikuwa na nusu ya pili ambayo hakuna aliyeiona, mimi wa kwanza. Kama uchovu unaongeza makosa leo, uliyaongeza na siku ile ya alama ya awali. Watu wengi tunaofanya kazi hii tunahofia uchovu wa siku ya mechi kwa sababu unamfanya mzima aonekane ameumia. Gharama yake ni mchezaji kukosa dakika 20. Uchovu ulioingia kwenye alama ya awali unafanya kinyume: unamfanya aliyeumia aonekane mzima, tena unakaa daftarini msimu mzima ukimngoja. Kijana alipata 11 akiwa amepumzika. Mbele ya 13 ni nafuu. Mbele ya 4 ni makosa karibu mara tatu. Namba ni ileile, na mimi nilimwambia apashe misuli.

Kosa jingine langu ni kusoma jumla peke yake. Kusimama kwa miguu miwili, macho yakifumbwa, ni mkao ambao karibu kila mtu hupata sifuri. Kijana alipata sifuri alipokuwa hoi mazoezini. Alipata sifuri hata dakika 3 baada ya kugongwa, akihema. Baada ya kupumzika, juu ya saruji iliyo sawa, akapata moja. Kosa moja si ushahidi wa kutosha kwa peke yake, lakini lilikuwa linakwenda upande usiotarajiwa: mikao miwili migumu ilipata nafuu na mwepesi ukaharibika. Mtu aliyepumzika haendi hivyo. Jumla ililifunika.

Pia nilibadilisha ardhi. Kipimo cha kwanza kilifanyika kwenye mteremko na cha pili kwenye saruji. Sehemu ya kushuka kutoka 14 hadi 11 huenda ni baraza tu. Na zile dakika 20 za kusubiri nilizipoteza. Ndizo zingenipa nafasi ya kumsomea maneno mapema na kumuuliza baadaye, badala ya kukaa nikitazama saa kana kwamba muda wenyewe ndio dawa. Nilisubiri uchovu uondoke na sikukumbuka kwamba dalili za mtikisiko zinaweza kuchelewa kujitokeza, na kwamba dakika zilezile zinazosafisha kimoja zinakomaza kingine.

Kilichofanya kazi? Rafiki aliyekaa naye. Hatukumpanga, alikaa pale kwa mapenzi yake, akasikiliza, na hakuona haya kumkatiza mtu mzima. Kukimbia kando ya mstari nako kulitoboa siri, japo nisingemshauri mtu kukitumia kwa namna ile niliyokitumia mimi, dakika 25 baada ya kugongwa. Mahali pa kukimbia ni wiki ya kupona. Pale mazoezi ndiyo kipimo chenyewe: mchezaji anaongezewa mwendo taratibu, na akijisikia vibaya kwa zaidi ya alama 2 kati ya 10, au kwa zaidi ya saa moja, anasimama na kujaribu tena kesho. Kijana alikwama hivyo siku ya 10, alipojaribu kukimbia kwa kasi kabla ya wakati. Akapumzika, akaendelea.

Na lile la mjomba limenikaa zaidi ya yote. Mimi niliijua kazi ya kijana huyu. Nilimjua kuwa ni mtu wa kusimama kwenye chombo. Nikaona 13, nikaiamini kwa kuwa imeandikwa.

Tulichobadilisha

Daftari sasa lina safu mbili mpya: dakika alizopumzika kabla ya kupimwa, na mahali alipopimwa, sakafu au mchanga. Alama isiyo na safu hizo haihesabiwi. Kila mkao unaandikwa peke yake na jumla inakuja mwisho. Uwanjani hatupimi kusimama kabla ya dakika 15 za kukaa kivulini, na tukiwa na shaka yoyote kabla ya hapo mchezaji harudi, hata namba zikipendeza baadaye. Mchezaji wa akiba mmoja anapewa kazi ya kukaa na aliyegongwa na kuzungumza naye. Anaambiwa wazi anasikiliza nini.

Wale 9 tulianza kuwapima upya asubuhi, darasani. Saba wamemaliza, na kila mmoja amepata makosa machache kuliko ya jioni ile. Wawili wako baharini na mistari yao daftarini tumeiacha wazi. Alama za zamani nimezikata kwa kalamu nyekundu. Mwalimu amekubali kwamba kabla hawajapimwa, yeyote kati yao akigongwa kichwa anatoka na harudi siku hiyo.